Kibarua wa Cyanzarwe hupangiwa ujira na mpaka

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla ukungu wa Nyiragongo haujaondoka, pale njia panda ya Cyanzarwe huwa pamejaa watu wenye majembe. Wengi ni akina mama. Kila mmoja amekuja na jembe lake mwenyewe, kwani mwenye shamba hatoi jembe, na wachache wana watoto mgongoni. Hakuna foleni wala jina linaloandikwa. Mwenye shamba hufika, au humtuma kapita wake, naye hunyoosha kidole: wewe, wewe na yule wa nyuma. Biashara imekwisha. Wanaobaki husubiri kidogo, kisha hushuka kwa mguu kuelekea Gisenyi kujaribu bahati kwenye Petite Barrière.

Siku moja nilimwuliza mama wa makamo aliyekuwa amechaguliwa: mama, leo mnalipwa ngapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Inategemea mpaka umeamkaje, baba," akasema, akaondoka na wenzake.

Nimelibeba jibu hilo kwa muda mrefu. Nimesoma ripoti na hotuba za Mei Mosi, nimewasikiliza wanasiasa na wanavyama, lakini sijapata maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu namna bei ya siku moja ya kazi inavyopatikana katika wilaya yetu ya Rubavu. Ujira wa kibarua wa Cyanzarwe hauandikwi Kigali. Unaandikwa kila alfajiri pale mpakani, kwa kutegemea kama lango limefunguliwa, kwa saa ngapi, na kama upande wa pili kuna pesa.

Hebu tuanze na kile kilichoandikwa. Rwanda ina kima cha chini cha mshahara. Naam, kipo. Ni faranga 100 kwa siku, na kiliwekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Msomaji kijana anaweza kudhani mchapaji amesahau sifuri moja au mbili, lakini hakusahau. Kati ya mwaka 1974 na 1983 faranga yetu ilikuwa imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha karibu faranga 93 kwa dola moja. Kwa hesabu hiyo faranga 100 ilikuwa ni dola moja na senti kadhaa. Haukuwa utajiri, ila mtu alinunua chumvi, sabuni na kitu cha kupikia. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa imevuka faranga 1,400. Faranga 100 ileile ikawa senti saba.

Tupige hesabu nyingine iliyo karibu na nyumbani. Kwa miaka mingi kaya nyingi zimelipa mituweli faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Familia ya watu sita ni faranga 18,000. Mtu anayelipwa kima cha chini cha kisheria angelima siku 180, nusu ya mwaka, ili familia yake iruhusiwe kuingia zahanati, na katika siku hizo zote asile wala asivae. Au tutazame sheria ya kodi ya mwaka 2022, iliyopandisha kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kutoka faranga 30,000 hadi 60,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe imekubali kuwa anayepata chini ya 60,000 hana cha kutozwa. Sasa zidisha 100 mara siku 26 za kazi. Unapata 2,600.

Najua jibu linalotolewa kila mara. Watu husema: mbona hakuna anayelipa faranga 100? Sheria hiyo imekufa, iacheni ilale. Ni kweli kwamba haiwezekani kumpata mtu wa kushika jembe kwa bei hiyo, hata mtoto hatakubali kwenda dukani kwa faranga 100. Lakini sheria iliyokufa na isiyozikwa hunuka. Kibarua akienda kulalamika kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, mkaguzi anaweza kuuliza: mlipatana kiasi gani, na je, umelipwa ulichopatana? Hawezi kuuliza swali la pili, kama kile mlichopatana kinatosha mtu kuishi, kwa sababu hana kipimo mkononi. Mwenye shamba akimwambia, bwana mkubwa, nimelipa mara kumi ya kima cha sheria, atakuwa anasema kweli tupu.

Sheria ya kazi ya mwaka 2009 ilisema kima cha chini kitawekwa kwa amri ya waziri mwenye dhamana ya kazi. Sheria iliyoifuata, namba 66 ya tarehe 30 Agosti 2018, ikasema vivyo hivyo. Vyama vya wafanyakazi, CESTRAR ikiwa mbele, vimelidai jambo hilo mwaka hadi mwaka. Yamezungumzwa, yamefanyiwa utafiti, yamerudishwa mezani. Hadi kufikia mwaka 2025 amri ilikuwa bado haijatangazwa.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika kwa wenye kipato kidogo. Mwezi Agosti 2022 walimu wa shule za msingi wenye cheti cha A2 waliongezewa mshahara kwa asilimia 88, na wenye A1 na A0 kwa asilimia 40. Tulifurahi sote, maana nani asiyekuwa na mwalimu katika ukoo? Lakini mwalimu ana orodha ya mishahara, ana mwajiri mmoja anayejulikana, ana ushirika wake wa akiba. Ukitaka kumwongezea unapiga hesabu mara moja na pesa inaingia benki. Kibarua wa Cyanzarwe ana waajiri watano kwa wiki na hayuko kwenye orodha ya yeyote.

Turudi mpakani, kwani hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Ninyi mnaovuka kila siku hamhitaji kufasiriwa. Lango likiwa wazi asubuhi mpaka jioni, mtu wa Cyanzarwe ana njia kadhaa za kupata riziki. Anaweza kubeba kabichi na karoti kichwani hadi Birere. Anaweza kusaidia kusukuma baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu walemavu. Anaweza kufua nguo katika nyumba za Goma au kubeba mawe kwenye ujenzi. Katika siku kama hiyo mwenye shamba la viazi hana budi kubembeleza, anapandisha bei, na pengine anaongeza sahani ya maharage mchana. Lango likibanwa, watu wote hao wanarudi kwenye njia panda moja, na mwenye shamba anaweza kuwaambia bei anayotaka. Asiyekubali akae pembeni, wapo kumi nyuma yake.

Tumeona hivyo mara ngapi? Mwaka 2019, Ebola ilipoingia Goma, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti, na hata ulipofunguliwa, hofu na foleni za kunawa mikono zilipunguza safari. Machi 2020 ukafungwa kwa ajili ya corona, na wafanyabiashara wadogo wakalazimika kujikusanya katika ushirika na kutuma mizigo pamoja kwenye lori moja. Ilikuwa busara kwa wenye mizigo, lakini hakuna aliyeuliza wale waliokuwa wakiibeba kichwani wamekwenda wapi. Mimi najua walikokwenda, niliwaona wakiwa na majembe. Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto, matetemeko yakapasua nyumba zetu, na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia kwetu. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Congo kuuawa kwa risasi pale Petite Barrière, upande wa pili ukaanza kufunga saa tisa alasiri. Aliyekuwa akifanya safari tatu kwa siku akabakiwa na moja au mbili. Januari 2025 vita vilifika Goma penyewe na makombora yakaangukia hata Rubavu. Baada ya hapo mabenki ya Goma yakafunga milango, na mteja mwenye hamu ya viazi akawa hana noti za kuvilipia.

Kila tukio kati ya hayo lilikuwa na sababu yake, na mengine yalikuwa ya lazima. Lakini katika kila moja gharama ilishuka ngazi kwa ngazi. Mfanyabiashara mkubwa alipunguza oda, mchuuzi akapunguza bei ya kununulia shambani, mkulima akapunguza ujira. Kibarua hakuwa na wa kumpunguzia. Na wapo waliochoka kusubiri pale njia panda wakaingia njia za panya pamoja na wale tunaowaita abacoracora. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Anayeshangaa kwa nini kijana anahatarisha maisha kwa gunia moja la kuvusha usiku, kwanza aulize siku hiyo jembe lilikuwa linalipa kiasi gani.

Hapo ndipo nawapinga wanaosema kima cha chini ni jambo la mjini, la viwanda na maofisi. La hasha. Ofisini mtu ana mkataba, na mpaka ukifungwa mshahara wake haushuki kesho yake. Anayehitaji sakafu ni yule ambaye bei yake inaweza kuporomoka kati ya Jumatatu na Jumanne.

Na tusidanganyane kwamba serikali yetu haiamini katika kuweka sakafu ya bei. Inaamini sana. Kila msimu wa buni NAEB hutangaza bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kushuka chini yake: mwaka 2024 ilikuwa faranga 480 kwa kilo ya buni mbichi, mwaka 2025 ikawa 600. Majani mabichi ya chai, yakiwemo yanayopelekwa kiwanda cha Pfunda hapa Rubavu, yana bei inayopangwa. Mahindi yamewahi kuwekewa bei ya chini. Viazi mviringo, zao letu wenyewe, vimepitia miaka ya vituo vya kukusanyia na bei zilizotangazwa na wizara ya biashara. Sababu iliyotolewa kila mara ilikuwa moja: mkulima mdogo akiachwa peke yake na mnunuzi mkubwa atanyonywa. Nakubaliana nayo kabisa. Ninachouliza ni hiki: ikiwa kiazi kina mtetezi, aliyekichimba ana nani?

Nina haki ya kuuliza kwa sababu nimekuwa pande zote mbili. Niliporudi kutoka Congo mwaka 1996 nilikuwa kijana mwenye mikono miwili na shati moja. Nililima viazi kwa mtu mmoja kwa karibu msimu mzima. Malipo, aliniambia, ni baada ya mavuno. Mavuno yalipokuja akanipa magunia ya viazi vidogo, vile ambavyo wanunuzi walikuwa wamevikataa, akasema tumemalizana. Sikuwa na karatasi wala shahidi. Leo nina kipande changu cha ardhi, na mimi nami husimama pale njia panda nikinyoosha kidole. Nakiri kwamba mwaka 2020 nililipa pungufu ya mwaka uliotangulia. Sikuwa na roho mbaya, bei ilikuwa imeshuka na kila mtu alilipa hivyo. Kama kungekuwa na tangazo limebandikwa ofisi ya sekta likisema usishuke chini ya kiasi hiki, ningelalamika, kisha ningelipa.

Sasa, sheria ya 2018 haikuwaacha vibarua mikono mitupu, na ni vizuri kila anayerudi nchini aijue kabla hajachukua jembe. Inamtambua mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Ana haki ya usalama kazini, ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, ya hifadhi ya jamii, ya kutolazimishwa kazi. Umri wa kuajiriwa ni kuanzia miaka 16. Na kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: mkataba wa mdomo hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Ukifanya kazi kwa mtu mmoja zaidi ya hapo, anapaswa kukuandikia.

Lakini soma tena neno hilo "mfululizo". Wajanja wamelisoma pia. Kibarua anafanya wiki kumi na mbili, kisha anaambiwa pumzika kidogo, shamba halina kazi. Baada ya wiki mbili anaitwa tena na hesabu inaanza upya. Nimekutana na watu waliolima kwa bosi mmoja miaka mitatu ya namna hiyo. Kwa lugha ya sheria hawajawahi kuajiriwa. Siku mmoja wao akijikata mguu kwa panga, au mama akijifungua, ile miaka mitatu haipo popote. Pensheni ndiyo usiseme. Tangu Januari 2025 mchango umepanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi 12, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na mpango ni kuendelea kuupandisha, lakini kwa mtu asiye na mkataba ni asilimia 12 ya nini? Kwake imebaki Ejo Heza, iliyoanza mwaka 2018, ambayo ni akiba ya hiari. Ni mpango mzuri, ila hiari inahitaji kitu kilichobaki mfukoni jioni.

Mkaguzi wa kazi naye ni binadamu. Wilaya nzima ya Rubavu ina sekta kumi na mbili, kuanzia hoteli za ufukweni Gisenyi mpaka mashamba ya Bugeshi na Busasamana. Ukimwambia apande Cyanzarwe kila alfajiri kuhesabu majembe utakuwa unamwonea.

Jirani zetu wanatufundisha nini? Wengi wenu mmeishi huko, mnaweza kunisahihisha.

Waliorudi kutoka Karagwe na kwingineko Kagera mwaka 2013 wanaujua utaratibu wa Tanzania. Kule kuna amri ya mishahara inayopanga kima kwa sekta: madini yana chake, ulinzi chake, kazi za nyumbani chake, kilimo chake. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 za amri ya 2013, na nyingine ilitangazwa Oktoba 2025 ili ianze Januari 2026. Jambo ninalolipenda zaidi katika amri ile ni dogo na halizungumzwi: jedwali lake linaonyesha kiasi cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi. Yaani aliyeiandika alikumbuka kwamba kuna watu ambao hawana mwezi. Je, inafuatwa kila shamba? Hata kidogo. Ila kibarua wa Tanzania akidai, ana namba ya kuitaja. Kenya nayo ina viwango vyake, vya mashambani mbali na vya mijini, na siku ya Mei Mosi rais husimama akatangaza nyongeza, kama ile ya asilimia 12 mwaka 2022 na asilimia 6 mwaka 2024. Huko tatizo lao ni jingine: katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho wachumaji wanapambana na mashine, na mwaka 2023 zilichomwa moto. Kwetu Cyanzarwe, kwa mawe haya ya volkeno, bado sijaona mashine itakayomshinda mama mwenye jembe.

Uganda ni ndugu yetu katika ugonjwa huu. Kima chake ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Burundi nayo imebaki na faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 kwingineko, tangu 1988.

Congo ni somo la aina yake. Mwaka 2018 Kinshasa iliweka faranga za Congo 7,075 kwa siku, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya dola nne. Mwaka 2025 ikatangaza kupandisha hadi 14,500, kisha 21,500. Kwenye karatasi Mcongomani anatuacha mbali sana. Lakini nenda Goma umwulize msukuma chukudu kama amewahi kuiona hiyo SMIG. Atakucheka. Amri ya 2025 ilitolewa wakati Goma ilikuwa tayari mikononi mwa M23, kwa hiyo hata aliyetaka kuitekeleza hakuwa na ofisi ya kuitekelezea. Namba kubwa isiyo na wa kuifuatilia haimvuni mtu viazi. Basi tusiige ukubwa wa namba. Kama Rwanda itatangaza kiwango ambacho mkulima wa robo hekta hawezi kukilipa, kitafanyiwa kama kile cha Congo, na tutakuwa tumebadilisha sheria iliyokufa kwa sheria iliyozaliwa maiti.

Na hapa lazima nimsikilize mwenye hoja ya upande wa pili, maana ni hoja nzito. Mwajiri wa Cyanzarwe si tajiri wa kampuni. Mara nyingi ni mjane aliyekodi shamba, au ni mfanyabiashara wa mpakani aliyeweka faida yake kwenye mbegu, au ni mtu aliyerudi juzi na kupewa kiwanja. Mbegu ni ghali, mbolea ni ghali, dawa ya ukungu ni ghali zaidi. Mvua ikikosea amekwisha. Ukimlazimisha kulipa zaidi ataajiri wawili badala ya watatu, na yule wa tatu utampeleka wapi?

Nimeifikiria hoja hiyo kwa sababu ni hoja yangu pia, msimu ukiwa mbaya. Lakini naona ina kasoro mbili. Kwanza, mbegu na mbolea hazikupungua bei mpaka ulipofungwa. Muuza dawa hakuniambia, pole ndugu, leo nusu bei. Katika gharama zote za shamba ni ile ya mikono ya watu tu tunayoiona kama kitu cha kubanwa, kwa sababu haina mwenye duka. Pili, na hili nawaambia wafanyabiashara: kibarua ni mteja wenu. Pesa anayolipwa Ijumaa haiendi benki. Jumamosi inakuwa mafuta ya kupikia, chumvi, sukari, caguwa kwa watoto, vocha ya simu. Ujira ukishuka Cyanzarwe, meza zenu sokoni ndizo zinazoona kwanza. Mnapolalamika kwamba Goma hakuna pesa, tazameni pia juu mlimani.

Isitoshe, nanyi ni waajiri. Wale wanaopakia na kupakua mizigo yenu, tunaowaita karani-ngufu (karani ambaye hajawahi kushika kalamu, sijui nani alianza mzaha huo), wanalipwa kwa gunia. Gunia likiongezwa uzito, malipo yanabaki yaleyale. Kazi hiyo inamla mtu mgongo kabla hajafika miaka 45.

Wanaofanya kampeni nao wana la kujibu. Vyama vyetu vya wafanyakazi vimezoea mahali penye lango na mlinzi: kiwanda, shule, hospitali. Ni rahisi kusajili wanachama mia ndani ya ukuta mmoja. Nawapa heshima watu wa STECOMA, chama cha wajenzi na mafundi, kwa sababu walijaribu jambo gumu. Waliwafuata waashi, ambao nao ni watu wa leo hapa kesho pale, wakawasaidia kupata vyeti vya ujuzi waliojifunza kazini bila kupita shule. Fundi mwenye cheti ana sauti ya kupatana. Kwa nini mpalilio na mchimba viazi wasifuatwe vivyo hivyo? Anayejua kuchagua mbegu, kutambua ukungu kabla haujasambaa, kuchimba bila kukwaruza kiazi, huyo ni fundi, na mwenye shamba anajua hivyo ndiyo maana humwita kwa jina asubuhi.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kima cha kilimo kiwe chake peke yake, kisichanganywe na cha hoteli za Kigali, na kitajwe kwa siku. Kitangazwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu A mwezi Septemba na kabla ya msimu B mwezi Februari, kama vile bei ya buni inavyotangazwa kabla mnunuzi hajafungua mizani. Hesabu yake ianzie kwenye vitu ambavyo kila mtu anavijua bei, mituweli na kilo ya maharage, badala ya ripoti ya kurasa 200. Miradi ya VUP, ambayo tangu 2008 inawalipa maskini kwa kazi za barabara na matuta na kufuata bei ya eneo, iwe ya kwanza kulipa kima hicho na kulipa kwa wakati. Siku zinazokatizwa kwa ujanja zihesabiwe pamoja mtu akirudi kwa mwajiri yuleyule. Na mkaguzi asipande mlima peke yake. Kila kitongoji kina viongozi wanaojua nani anamlimia nani, wanajua mpaka kuku wangapi wamekufa wiki hii, hawawezi kusema hawajui ujira.

Kiasi gani? Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mara. Sitataja namba, maana nikitaja, ubishi wote utahamia kwenye namba. Wakae waajiri, vyama na wizara, kama sheria inavyotaka. Ila wakae wakati mpaka uko wazi na ujira uko juu. Wakisubiri lango lifungwe tena, watapima njaa na kuiita soko.

Wiki iliyopita nilipita tena pale njia panda. Palikuwa na watu wachache kuliko kawaida. Nikamwuliza kapita mmoja wameenda wapi, akaelekeza mdomo upande wa Goma. Mpaka ulikuwa umeamka vizuri siku hiyo, na yeye alikuwa amesimama na shamba la kupalilia, anaongeza bei kidogokidogo kila akimwona mtu mwenye jembe akipita.